Mwaka wa 1885: Meza ya Berlin, Kinga ya Coventry na Mpira wa Kongo



Watoto wetu hufundishwa mambo ya zamani kipande kwa kipande. Katika daftari la historia wanaandika: 1885, Mkutano wa Berlin. Katika daftari la sayansi: 1885, Louis Pasteur na chanjo ya kichaa cha mbwa. Katika katekisimu wanasikia habari za Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa Uganda, aliyeuawa mwaka wa 1885. Na fundi wa kinga au wa motokari akiuliza chombo anachotengeneza kilianzia wapi, ataambiwa pia: mwaka wa 1885. Mwaka ni mmoja, lakini umefungiwa katika madaftari manne, na ni mara chache mtu kuyafungua yote pamoja.

Juma hili tuyafungue pamoja. Tutapita Berlin, Buganda, Mannheim, Coventry na Paris, kisha tutarudi kwetu, katika msitu wa Kongo. Watu tutakaowakuta njiani wengi hawakujuana. Lakini matendo ya baadhi yao yalikuja kukutana hapa kwetu, na kilichoyakutanisha ni utomvu wa mmea. Tukielewa namna yalivyokutana, tutaelewa vizuri zaidi yale tunayoyaona leo kuhusu koltani na kobalti.

Meza ya Berlin

Tarehe 15 Novemba 1884, wajumbe wa serikali 14 walikusanyika Berlin, katika makao ya Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani. Wengi walitoka Ulaya. Marekani na Uturuki nao walikuwamo. Mbele yao ilitundikwa ramani kubwa ya Afrika. Mkutano uliendelea zaidi ya miezi mitatu, na tarehe 26 Februari 1885 wakatia sahihi hati yenye vifungu 38. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi kwenye meza ile.

Mara nyingi tunasikia kwamba pale Berlin Afrika ilikatwa vipande kama nyama sokoni. Sivyo hasa. Hati yenyewe haikugawa nchi, iliweka kanuni. Ilisema kwamba biashara katika bonde la mto Kongo iwe wazi kwa mataifa yote, bila upendeleo. Ilisema kwamba vyombo vya mataifa yote vipite kwa uhuru katika mto Kongo na mto Niger. Ilisema kwamba taifa litakalochukua sehemu ya pwani ya Afrika liwajulishe wengine na lionyeshe kwamba kweli lina mamlaka pale. Na katika kifungu cha 6 waliahidi kuwalinda wenyeji, kuboresha maisha yao na kusaidia kukomesha utumwa. Maneno hayo ni mazuri. Tuyakumbuke, maana tutayarudia.

Ugawaji wenyewe ulifanyika pembeni, kwa barua. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameunda chama kiitwacho Association Internationale du Congo, akakishika mkononi mwake mwenyewe. Kwa miaka mitano Stanley, ambaye wazee wetu walimwita Bula Matari, alifanya kazi kandokando ya mto Kongo kwa ajili ya Leopold. Yeye na wenzake wakakusanya alama za vidole na misalaba ya machifu kwenye mamia ya mikataba, iliyoandikwa kwa lugha ambayo machifu hao hawakuisoma. Marekani ilikitambua chama hicho mwezi wa Aprili 1884, Ujerumani mwezi wa Novemba, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Stanley mwenyewe alikuwako Berlin, kama mshauri wa wajumbe wa Marekani. Mkutano ulipofungwa, chama cha mtu mmoja kilikuwa kimekwisha kuhesabiwa kama serikali.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwezi wa Aprili, bunge la Ubelgiji lilimruhusu mfalme kuwa mkuu wa nchi ya pili. Tarehe 29 Mei 1885 nchi hiyo ilipewa jina: Dola Huru la Kongo. Tarehe 1 Julai, kule Vivi, serikali mpya ilitangazwa. Nchi hiyo ilikuwa na ukubwa wa zaidi ya mara 70 ya Ubelgiji. Leopold hakuikanyaga hata siku moja mpaka alipokufa.

Sheria ya ardhi tupu

Siku ileile ya tarehe 1 Julai 1885 ilitoka amri moja fupi. Wanafunzi wengi hawafundishwi amri hiyo, lakini kwetu ilikuwa na uzito kuliko hati yote ya Berlin. Ilisema kwamba ardhi tupu, yaani ardhi isiyokaliwa, ni mali ya Serikali.

Tusimame kidogo hapa. Ardhi tupu ni ipi? Mkulima yeyote wa Masisi, wa Walungu au wa Kindu anajua kwamba shamba linapumzishwa. Unalima hapa miaka miwili au mitatu, unahamia pale, kisha unarudi. Mgeni akipita ataona majani na kusema: hapa hakuna mtu. Lakini mwenye shamba anajua mpaka wake, na jirani yake anaujua pia. Vivyo hivyo msitu. Hakuna nyumba ndani yake, lakini ndimo zinamotoka nyama, dawa, miti ya kujengea, asali na kuni. Kila kijito kina jina, na kila jina lina ukoo.

Kwa neno moja, "tupu", yote hayo yalichukuliwa. Kijiji kilibaki na vibanda vyake na mashamba yaliyolimwa wakati ule. Mengine yote, kwenye karatasi, yalikuwa ya mtu mmoja aliyekaa Brussels.

Wanaosoma Biblia wataikumbuka habari ya Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Pale napo palikuwa na shamba ambalo mfalme alilitamani, na palikuwa na barua zilizopigwa muhuri wa mfalme. Tunajua mwisho wake ulivyokuwa.

Karatasi ya Berlin na damu ya Buganda

Sasa twende mashariki kidogo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi hati nyingine. Ilimpa Carl Peters na wenzake ulinzi wa serikali juu ya nchi walizodai kuzipata kwa mikataba ya haraka-haraka katika Tanzania ya leo. Sultani Barghash wa Unguja alilalamika. Mwezi wa Agosti meli za vita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, akalazimika kunyamaza.

Habari kama hizo husafiri na misafara. Zilifika Buganda, kwa Kabaka Mwanga, kijana aliyekuwa ametawala kwa mwaka mmoja hivi. Wazee wa Buganda walikuwa na imani ya siku nyingi kwamba watakaoila nchi yao watatokea upande wa mashariki, kupitia Busoga. Na wakati uleule askofu Mwanglikana, James Hannington, alikuwa njiani kutoka Mombasa, akifuata njia mpya iliyopita hasa Busoga. Yeye alikuja kuhubiri. Mwanga aliona mtangulizi wa jeshi. Hannington alikamatwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Katika jumba la mfalme alikuwamo Mkatoliki mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wanaotumika pale. Alikuwa akiwakinga vijana hao na matendo mabaya ya mfalme. Askofu alipouawa, Balikuddembe alimkemea mfalme wake uso kwa uso: mtu hauawi bila kusikilizwa. Angalieni vizuri jambo hilo. Mkatoliki alisema kwa ajili ya Mprotestanti, Mwafrika kwa ajili ya mgeni, mtumishi mbele ya mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto. Wenzake wengi walimfuata mwaka wa 1886, hasa kule Namugongo tarehe 3 Juni, siku tunayoiadhimisha kila mwaka.

Hatumtetei Mwanga. Lakini tunaona kwamba waliotia sahihi Berlin hawakumjua Hannington, wala Hannington hakutumwa nao. Hata hivyo karatasi zao zilizaa hofu, na hofu ikaua watu ambao hawakuwa na neno katika karatasi hizo.

Na huku kwetu je?

Mtu anaweza kuuliza: mwaka wa 1885 huku mashariki mwa Kongo kulikuwa na nini? Kwenye ramani ya Leopold, mambo yalikuwa tayari. Tarehe 1 Agosti 1885 alituma barua kwa mataifa kuwajulisha mipaka ya nchi yake, mingine imepigwa kwa rula. Lakini mwenye nguvu Kasongo na Nyangwe alikuwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa kutoka Unguja, na lugha iliyosikika katika misafara yake ni hii tunayowaandikia. Ziwa Kivu lilikuwa halijaonwa na Mzungu hata mmoja. Götzen, Mjerumani, ndiye wa kwanza, naye alifika mwaka wa 1894.

Kwa hiyo ziwa letu liliandikwa katika hesabu ya mfalme miaka tisa kabla ya Mzungu wa kwanza kuliona. Si ajabu kwamba Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza waligombania mipaka ya Kivu mpaka walipopatana mwaka wa 1910. Ubishi wote huo ulihusu nchi ya watu wengine.

Karakana tatu

Tuache wafalme, twende kwa mafundi.

Katika mji wa Mannheim, Ujerumani, fundi Karl Benz alimaliza mwaka wa 1885 kigari cha magurudumu matatu kilichokwenda kwa moteri ya silinda moja. Alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake kuanzia tarehe 29 Januari 1886. Hicho ndicho wengi wanachokiita motokari ya kwanza.

Kilometa zisizozidi mia na hamsini kutoka pale, Cannstatt, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga moteri yao kwenye chombo cha magurudumu mawili mwaka uleule. Ndicho babu wa pikipiki zote zinazopita mbele ya milango yetu. Mwili wake ulikuwa wa mbao, na magurudumu yake ya mbao pia. Mtengenezaji wa chukudu wa Goma akionyeshwa picha yake hatashangaa sana. Ataona ndugu ya chombo chake, ila kina moteri.

Na katika Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa kinga, yaani baiskeli, aliyoiita Rover. Kabla yake, kinga nyingi zilikuwa na gurudumu kubwa mbele, refu kufika kifua cha mtu, na kadogo nyuma. Aliyeanguka alianguka kutoka juu, kwa kichwa. Starley aliweka magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na mnyororo unaozungusha la nyuma. Kinga anayopanda mwalimu wa Uvira au muuza mkaa wa Lubumbashi bado ina umbo hilohilo.

Watu hao hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mtu asafiri mbali bila kuchoka sana. Vyombo vyao vilikuwa na upungufu mmoja: barabarani vilitikisa mtu mpaka mifupa. Gurudumu lilikuwa gumu, la chuma, la mbao, au la mpira usio na upepo. Mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alitengeneza mpira wenye upepo ndani kwa ajili ya kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mwaka wa 1891 ndugu wawili Michelin, huko Ufaransa, walitengeneza tairi linaloweza kutolewa na kurudishwa upesi. Sasa kinga ilikuwa tamu kupanda, na kila mtu wa Ulaya na Marekani akaitaka.

Kila tairi linahitaji mpira. Na mpira wakati ule ulitoka kwenye misitu ya nchi za joto tu.

Mtoto wa Paris

Kabla ya kuingia msituni, tutazame jambo moja zaidi la mwaka ule, kwa sababu linatupa kipimo.

Tarehe 6 Julai 1885, siku tano tu baada ya ile amri ya ardhi tupu, mama mmoja alifika Paris na mtoto wake wa miaka tisa, Joseph Meister, kutoka Alsace. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata mara nyingi. Louis Pasteur alikuwa amejaribu chanjo yake kwa mbwa. Aliogopa, akauliza ushauri wa madaktari, kisha mtoto akachomwa sindano 13 kwa siku chache. Akapona. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya mlinzi katika Taasisi ya Pasteur, iliyofunguliwa mwaka wa 1888.

Habari zilienea. Mwaka wa 1886 Warusi 19 waliong'atwa na mbwa mwitu walifika Paris kutoka Smolensk kutafuta sindano hiyo, na wengi wao wakapona.

Kwa kuwa ugonjwa huo bado uko kwetu, tuseme neno la faida hapa. Mtu aking'atwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ileile kuuliza chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Asingoje kuona kama ataugua, maana dalili zikianza, karibu wote hufa. Dawa ya majani au ya maombi peke yake isimcheleweshe mtu njiani.

Basi, kipimo ni hiki. Pasteur alikuwa na ujuzi mpya, na wa kwanza kupata faida alikuwa mtoto aliyeng'atwa. Wenye tairi walikuwa na ujuzi mpya pia. Nani alilipa gharama yake?

Utomvu

Katika msitu wetu kuna mmea unaojisokota juu ya miti kama kamba nene. Ukiukata, unatoa maziwa meupe yanayoganda na kuwa mpira. Kuupanda shambani hakuhitajiki, upo. Kinachohitajika ni watu wa kuingia msituni, kupanda juu ya miti na kukinga utomvu tone kwa tone. Wengine waliupaka kifuani na mikononi mpaka ukauke, kisha wakaubandua pamoja na nywele.

Hapa ndipo sheria ya 1885 na gurudumu la 1885 yalipokutana. Bei ya mpira ilipopanda, mwenye msitu kwenye karatasi alikuwa mmoja tu. Mwaka wa 1891 Leopold aliamuru wakubwa wake katika nchi kuhakikisha kwamba mpira na pembe zinakwenda kwa Serikali. Ile ahadi ya Berlin ya biashara iliyo wazi kwa wote ikafa kimya-kimya. Makampuni, kama ABIR, yalipewa sehemu kubwa za msitu. Mwanakijiji aliyechuma mpira kando ya kijito cha babu yake, kisha akamwuzia mfanyabiashara mwingine, alihesabiwa mwizi.

Kila kijiji kiliwekewa kiasi cha kuleta. Mimea ya karibu ilipokwisha, wanaume walikwenda mbali, siku nyingi msituni. Ili warudi, wake zao walifungwa mateka. Mashamba yakabaki bila mkono, njaa ikaingia, na magonjwa yakafuata njaa. Kijiji kilichokataa kiliendewa na askari wa Force Publique au walinzi wa kampuni. Askari alitakiwa kuonyesha mkono wa kulia wa mtu aliyekufa kwa kila risasi aliyotumia. Aliyepoteza risasi kwa kuwinda nyama alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake itimie.

Mwaka wa 1901 Kongo ilitoa karibu tani 6,000 za mpira. Mtu wa Ulaya aliyepanda kinga yake siku ya Jumapili hakuona chochote cha hayo. Aliona tairi jeusi, safi, laini.

Tusiseme Starley au Benz alikata mikono. Kinga haikuiba msitu. Msitu ulikuwa umekwisha kuchukuliwa miaka mitatu kabla ya Dunlop kujaza upepo kwenye mpira wa mtoto wake. Kama tairi lingekuja wakati msitu bado una wenyewe, wao wangeuza, wangekataa, wangepatana bei. Lilikuja wakati wenyewe wamekwisha kufutwa katika karatasi. Ndiyo sababu faida ilikwenda upande mmoja na maumivu upande mwingine.

Vijiti 110

Uovu huo ulijulikanaje? Kwa watu waliokubali kutazama na kuhesabu. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli. Katika bandari ya Antwerp aliona meli zikifika kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zikirudi na bunduki na risasi. Akajiuliza: mpira huu unalipiwa nini? Jibu lilikuwa dhahiri, haulipiwi.

Mwaka wa 1904, katika misioni ya Baringa, mtu mmoja jina lake Nsala alifika na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa ABIR. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi akivitazama. Picha hiyo ilizunguka Uingereza na Marekani, na mwaka uleule ripoti ya balozi mdogo Roger Casement ilitolewa. Leopold alilazimika kutuma tume ya mahakimu watatu kuchunguza.

Ndipo, miaka 20 hivi baada ya Berlin, Wakongo walipofika mbele ya meza na kusikilizwa. Mmoja wao alikuwa Chifu Lontulu wa Bolima. Alikuja na vijiti 110, akaviweka mezani mbele ya mahakimu, kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alivigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake na watoto.

Berlin kulikuwa na ramani bila watu. Lontulu alileta watu bila ramani. Tume haikuweza kuvikana vijiti vile, na ripoti yake ilithibitisha mengi. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Kazi za kulazimishwa hazikuisha siku hiyo. Wazee wetu walizijua miaka mingi baadaye. Lakini utawala wa mtu mmoja uliisha. Mpira wa mashamba ya Asia, ulio rahisi zaidi, nao ulisaidia kuumaliza ule wa msituni.

Leo

Simu iliyo mfukoni mwako ina tantali, ambayo kwetu inatoka katika koltani ya Rubaya na kwingine. Motokari za umeme zina betri, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Lualaba na Haut-Katanga. Wavumbuzi wa vyombo hivyo hawakuwa na nia mbaya, kama vile Starley hakuwa nayo. Swali bado ni lilelile: kabla ya chombo kufika, karatasi inasema ardhi ni ya nani, na nani anahesabu?

Safari hii karatasi si zote ziko mbali. Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inasema kwamba asilimia 15 ya ushuru wa madini ni ya eneo lile yanakochimbwa: sekta, shefferi, komini au mji. Inataka kampuni ya uchimbaji iandike mapatano na wenyeji juu ya shule, maji, barabara na mengineyo, na itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kuandikwa si kutendwa, tunajua; kifungu cha 6 cha Berlin kiliandikwa vizuri pia. Lakini wazee wetu wa 1885 hawakupewa hata nafasi ya kuisoma karatasi. Sisi tunayo nafasi hiyo, na watoto wetu wanajua kusoma.

Maswali kwa mashirika

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni ardhi gani ambayo mgeni angeiita tupu, lakini sisi tunajua ina wenyewe? Nani anaijua mipaka yake, na je, imeandikwa mahali popote?

2. Kama kuna madini yanayochimbwa karibu nasi, je, tumewahi kuuliza viongozi wetu ile asilimia 15 imefanya nini, au kuyaona mapatano ya kampuni na wenyeji?

3. Balikuddembe alisema kwa ajili ya mtu asiye wa dini yake. Ni nani kati ya jirani zetu anayeonewa leo, nasi tunanyamaza kwa sababu si wa kwetu?

4. Lontulu alihesabu watu wake kwa vijiti. Katika shirika letu, nani anaandika majina ya waliokufa, waliokimbia na walionyang'anywa mashamba, ili siku ya kuulizwa tuwe na hesabu?

Andikeni majibu yenu, mtuletee kwenye radio au mkabidhi kwa kiongozi wa shirika. Tutayasoma katika kipindi.